Mkono wa Mwalimu Ukishuka

Mwalimu alifuga ukucha mmoja, wa kidole kidogo cha mkono wa kulia, na aliutumia kwa kila kitu. Alichokonolea masikio, alichokonolea meno baada ya supu ya makongoro, alichotea ugoro, kisha bila kuufuta alirudi nao kwenye kibodi ya kompyuta na kubonyeza kile kitufe kirefu kinachoanzisha na kusimamisha wimbo. Kitufe hicho kilikuwa na utando wa kahawia. Mimi ndiye niliyekuwa nakisafisha, kwa pamba na spiriti, na kila nilipokisafisha nilijiapiza kwamba hiyo ndiyo mara ya mwisho.

Wengine wakimzungumzia Mwalimu huanza na muziki. Watakuambia hakuna kwaya kati ya Levolosi na msitu wa Meru ambayo hajaigusa, na ni kweli. Ndiyo maana mimi naanza na ukucha. Alizigusa kwa ukucha ule.

Hakuwa mwalimu wa shule. Alifundisha kwaya kwa miaka mingi, huko juu Olmotonyi, kabla ya kushuka mjini na kufungua studio Levolosi, nyuma ya duka la mabomba. Cheo kilishuka naye. Hata wauza mitumba wa mtaa ule, ambao hawajawahi kuimba noti moja, walimwita Mwalimu, naye aliitika kama mtu anayepokea haki yake.

Mimi nilifika pale kugundisha trei za mayai ukutani. Niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo nilikuwa nimepanda miche ya miti, nimekoboa kahawa, nimepaka rangi mageti, nimeuza kava za simu. Kila kazi niliifanya mpaka nilipoielewa, halafu miguu ikaanza kuwasha. Trei zilikuwa za kuzuia mwangwi. Mwalimu alizipata bure kwa mfugaji wa kuku na hakuona sababu ya kuzisafisha. Nilizigundisha hivyo hivyo, na mavi yake na manyoya yake. Chumba cha kuimbia kilinuka banda la kuku siku zote nilizokuwa pale, na waimbaji walipokunja pua Mwalimu aliwaambia, "Hiyo ndiyo harufu ya studio." Watu wa mlimani wakaamini. Nilimsikia mama mmoja akimweleza mwenzake nje, kwa heshima kabisa, kwamba mashine za kurekodi zinanuka kama kuku.

Kazi ya trei iliisha upesi. Nilibaki kwa sababu nilitaka kujua sauti ya mtu inaingiaje kwenye waya, na ikishaingia inakaa wapi.

Kitu ambacho Mwalimu alikiabudu kilikuwa wakati. Kwenye programu yake ya kurekodia, kioo kizima kimechorwa mistari ya wima, kila mstari pigo moja, na juu pembeni kuna namba ya mwendo wa wimbo. Programu ikifunguliwa upya namba hiyo huwa mia na ishirini, yaani mapigo mia na ishirini kwa dakika, na Mwalimu hakuwahi kuibadilisha kabla ya kurekodi. Kwaya ya vijana, mia na ishirini. Wimbo wa Ijumaa Kuu, mia na ishirini.

"Mashine imetoka kiwandani hivyo," alisema. "Wewe ni nani ubishane na kiwanda?"

Kiongozi wa kwaya alivalishwa hedifoni, akagongewa tik-tik-tik masikioni, na wenzake wakamfuata yeye. Siku moja baba mmoja mnene, mwimbaji wa besi, aliivua ile hedifoni na kuitazama.

"Mwalimu, hiki kidude kinagonga kama fundi bati. Tufanye nini?"

"Kifuateni."

"Kinakwenda wapi?"

Kwaya nzima ilicheka. Mwalimu hakucheka. Aliinamia maiki yake ya kuongelea na kupiga kelele, "Mnachelewa! Mashine haichelewi, ninyi ndio mnaochelewa!" Maiki hiyo hakuizima akimaliza kusema. Alikunywa supu mbele yake, na yule mwenye hedifoni kule ndani, huku akijaribu kumwimbia Mungu, alisikia Mwalimu akifyonza uboho kwenye mfupa.

Hata hivyo, alijua kufundisha. Nikisema hakujua nitakuwa nasema uongo kwa sababu ya kinyaa tu.

Kuna kwaya ilirudi ikitaka wimbo wake uleule uongezwe kasi, kwa ajili ya video, maana wachezaji walisema ulikuwa unawalaza. Mwalimu alibadilisha ile namba ya juu, akaongeza mapigo kumi, akabonyeza kitufe. Kinanda kikatoka mbio. Sauti za watu zikabaki nyuma. Kufika kiitikio, kinanda kilikuwa kimeshafika nyumbani na watu bado wako njiani. Niliruka nikidhani tumeharibu kitu. Mwalimu alicheka mpaka ugoro ukamtoka puani, akaufuta kwa kiganja, na kiganja akakifutia kwenye kiti changu.

"Chalii, kaa chini. Kanisani kuna mabenchi, sivyo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mzee wa kanisa akimwambia mtu 'keti benchi la nne,' halafu mabenchi yote yakasogezwa mbele, huyo mtu atakuwa wapi?"

"Atasogea na benchi lake."

"Hicho ndicho kinanda. Ndani ya faili la wimbo, noti ya kinanda imeandikiwa benchi. Pigo la nne, pigo la tano. Hakuna sekunde pale. Ukiongeza mwendo mabenchi yanakaribiana, na noti inakwenda na benchi lake. Sasa, mwingine kaambiwa 'simama pale sakafu ilipopasuka.' Ukisogeza mabenchi?"

"Anabaki palepale."

"Hiyo ni sauti ya mtu. Imeandikwa kwa sekunde tangu wimbo ulipoanza. Haijui pigo, haijui benchi. Imesimama kwenye ufa wake kama mlevi."

Nilimwangalia kwa mdomo wazi. Kama ningepata mtu wa kunieleza hesabu namna ile, labda ningefika kidato cha nne. Kisha akaharibu.

"Na mlevi tunamfanyaje?" aliuliza, huku ukucha ukishatafuta kitufe. "Tunamvuta."

Namna alivyowavuta ndiyo iliyonifanya nimchukie. Aliikata sauti kwenye kila mstari wa wimbo, akakishika kipande kwa kipanya na kukiburuta kushoto mpaka mwanzo wake ukae juu ya mstari wa pigo. Lakini vipande vikisogezwa vinagongana, na kilichokuwa katikati yao lazima kiondoke. Katikati yao palikuwa na pumzi. Kwenye kioo pumzi ni kitu kidogo, kama nywele zilizobaki kwenye sinki. Mwalimu alizikata moja moja huku akiimba puani. "Pumzi ni takataka," alisema. Alilisema hilo kwa kwaya, kwa wachungaji, kwa mwanamuziki mmoja wa hotelini aliyekuja kutembea tu. "Kanisani Mungu anasubiri. Studio haisubiri mtu."

Na huyu mkata pumzi mwenyewe alipumua kama baiskeli inayovuja upepo. Pua yake ilipiga filimbi. Kwenye nyimbo nyingi alizorekodi, ukitulia, utaisikia filimbi hiyo kwa mbali, imepenya kwenye kioo na trei zangu zote. Hiyo hakuisikia, au aliisikia akaiona ni sehemu ya muziki.

Nilifikiri ndivyo alivyo tu: mtu mzito, mchafu, asiyejua wimbo ni nini. Kwa namna fulani hilo lilinituliza. Halafu msimu wa sikukuu ya mavuno alinipandisha Olmotonyi kumbebea spika. Mwalimu wa kwaya wa siku hizi aliugua, na kina mama wakamwomba Mwalimu wao wa zamani asimame mbele yao kwa wimbo mmoja. Akasimama. Akainua mkono wa kulia, ukucha na yote, na kanisa zima likanyamaza. Kina mama wakavuta pumzi, wengi wao wazee, wengine walikuwa wametembea kwa miguu kutoka mashambani. Mkono ukabaki juu. Alimsubiri wa mwisho, bibi mmoja wa nyuma ambaye kifua kilikuwa kinamsumbua, mpaka naye mabega yakainuka. Ndipo mkono ukashuka, na wote wakaingia kama mtu mmoja.

Nilikuwa nimeegemea spika mlangoni. Nikasimama wima. Kumbe anajua! Alikuwa anajua siku zote.

Bibi aliyeongoza wimbo siku hiyo ndiye Koko. Huko kwao Koko ni neno la kumwita bibi, na kila mtu alimwita hivyo, hata wazee wenzake. Alikuwa mwembamba, mrefu, na sauti yake ilianza kavu halafu ikafunguka polepole. Wakati wa kina mama kushuka mjini kurekodi ulipofika, hapakuwa na mjadala nani ataongoza.

Walikuja asubuhi na sare zao, wakavua viatu mlangoni, wakaingia kwenye harufu ya kuku. Wimbo wenyewe Mwalimu ndiye aliyewafundisha, zamani. Koko alivaa hedifoni juu ya kilemba na kusimama akitazama kidirisha cha kioo kilichotutenga. Hakutazama maiki. Alimtazama Mwalimu. Tik-tik-tik ikaanza, mahali pake pakafika, Koko kimya. Mahali pakapita. Kisha akaingia, na wenzake nyuma yake.

"Unachelewa, Koko!"

"Samahani, Mwalimu."

Wakarudia. Akachelewa. Wakarudia tena, akachelewa tena, na kila mara macho yake yako kwenye kidirisha kama mtu anayesubiri kuitwa. Mwalimu alikuwa amejilaza kwenye kiti, mkono wa kulia juu ya kipanya, bakuli tupu la supu mbele yake. Katika ubeti wa tatu nyama ilimkwama. Aliinua mkono mpaka mdomoni, akachokonoa, akakipata alichokitafuta, akakitazama, akaushusha mkono.

Koko akaingia. Wenzake wakaingia naye, kwa nguvu, kwa furaha, mahali ambapo hapakuwa pao kabisa.

Mwalimu alizima tik-tik, rekodi akaiacha iende. "Nani kakuambia uingie?"

Koko alishangaa. "Wewe, Mwalimu."

Kina mama walicheka wakiziba midomo. Nami nilicheka.

"Mimi? Mimi niko hapa nachokonoa meno yangu. Nimekuambia saa ngapi?"

"Umeniambia," alisema Koko, bila ubishi wowote.

Mwalimu akanigeukia. "Huyu amezeeka. Akili zimekwenda." Maiki ilikuwa wazi. Kule ndani kicheko kilikatika, na Koko akashika hedifoni kwa mikono miwili kama anayetaka kuivua, lakini hakuivua. Wakaimba tena, kutoka mwanzo mpaka mwisho, naye akachelewa kila mstari, na Mwalimu akasema basi, tutawavuta.

Akawavuta. Wiki iliyofuata kina mama walikuja kuuchukua wimbo wao. Tukawachezea. Kila neno lilikaa juu ya pigo lake, kinanda kinaruka, hakuna pengo hata la kupenyeza sindano. Koko alisikiliza akiwa amesimama.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Koko," nikamwambia.

"Mimi napumua. Huyu hapumui. Huyu ni maiti anaimba." Akamwangalia Mwalimu. "Zima."

Mwalimu alicheka, akawaambia wenzake kwamba wazee huogopa sauti zao. Kina mama wakauchukua wimbo. Miguu yangu ikaanza kuwasha, na muda si mrefu nikaondoka Levolosi.

Nilikuwa Themi, mtaa mwingine wa mji uleule, nimekodi meza ya kutengeneza simu, mwanamke mmoja alipokuja na kusimama mbele yangu bila kutoa simu yoyote. Alikuwa amejifunga kitenge cheusi.

"Kaka, wewe ndiye ulikuwa unakunja waya kwa Mwalimu?"

"Ndiye mimi, dada."

"Mimi ni Mama Neema. Binti yake Koko. Mama ametutoka."

Nilimpa pole, nikamvutia stuli. Akakaa, akasema moja kwa moja alilojia. Wangezika Jumamosi. Kina mama wa kwaya walitaka Koko asikike akiongoza wakati wa kuaga, kama alivyoongoza maziko ya wengine wote. Lakini Koko mwenyewe aliacha neno.

"Alisema, siku yangu msinipigie yule maiti. Alirudia mpaka siku za mwisho. Sasa wenzake wamegawanyika. Wengine wanasema upigwe huohuo, upo upi mwingine? Nami siwezi kumvunjia mama neno lake. Ule wa kwanza upo? Kabla hajakatwa?"

"Sijui, dada. Nitauliza."

"Uliza kwa haraka basi, maana kaburi linachimbwa Ijumaa."

Mwalimu nilimkuta kwenye kiti kilekile, kitufe sasa kimekuwa cheusi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, chalii. Umerudi kuosha?"

Nikamweleza. Nilidhani atasema pole. Alifyonza meno.

"Kwa hiyo amekufa," alisema. "Alikuwa anachelewa sana yule mama."

Nilitazama ukuta, trei zangu zimeanza kubanduka.

"Ule wa kwanza haupo," aliendelea. "Nilikata, nikafuta. Pumzi za watu nitaziweka wapi?" Akavuta droo, akachomoa kidude cha kuhifadhia kazi, akanirushia. "Kazi zote za miaka ile zimo humo. Chukua, kachunguze, wewe si mdadisi? Hutakuta kitu." Kilikuwa kinanata. Nilikibeba kwa leso.

Rafiki yangu wa Themi alikuwa na kompyuta. Ndani ya kile kidude nilikuta mamia ya rekodi, zote zimepewa majina na programu yenyewe, namba tupu, bila jina la kwaya wala la mtu. Kuzisikiliza zote kungechukua mpaka arobaini ya Koko. Nililipata faili la wimbo wake, maana hilo Mwalimu alilipa jina, nikalifungua. Vipande vyake vikatokea vimepangwa juu ya mistari kama matofali. Pumzi hakuna.

Nilichofanya baadaye nilikifanya kwa udadisi tu, ule wa kufungua redio iliyokufa uone tumbo lake. Badala ya kulifungua lile faili kwa programu ya muziki, nililifungua kwa programu ya kuandikia maandishi ya kawaida. Likafunguka. Lilikuwa maneno na namba, mistari na mistari. Hakukuwa na sauti mle ndani hata chembe. Yalikuwa maagizo. Kinanda kimeandikwa kwa mapigo, kama mabenchi ya Mwalimu. Na kwa kila kipande cha sauti kuna jina la rekodi kilikotoka, halafu namba za sekunde.

Nilizitazama namba hizo mpaka chai ikapoa. Moja ilisema kipande kikae sekunde gani katika wimbo. Nyingine ilisema, ndani ya rekodi yenyewe, kianze kusomwa kuanzia sekunde gani. Ya kwanza ilikwenda kwa hatua sawasawa, mstari kwa mstari, kama askari. Ya pili iliyumba, ikakaa, ikasogea, ikangoja. Ya kwanza ilikuwa ya Mwalimu. Ya pili ilikuwa ya Koko. Hapo ndipo alipoimba kweli, asubuhi ile, na hakuna aliyepaondoa. Na kila namba ya pili iliporuka, kutoka mwisho wa kipande kimoja mpaka mwanzo wa kingine, pale katikati pana kitu ambacho programu imeambiwa tu isikicheze.

Pumzi zilikuwepo. Kile kisu alichojivunia miaka yote hakikuwahi kukata kitu.

Nikabadilisha. Kila kipande nikakipa, mahali pa namba ya Mwalimu, namba yake Koko. Nikahifadhi, nikalifungua faili tena kwa programu ya muziki. Wimbo ulikuwa umehama mbali kulia, kule ulikokuwa kwenye rekodi ya asubuhi nzima, na hakuna kipande kilichokaa juu ya mstari wa pigo. Nikanyamazisha kinanda na maiki za wenzake, ili maziko yakifika wamwitikie wenyewe. Nikazivuta kingo za vipande mpaka zikakutana. Nikabonyeza.

Koko akavuta pumzi.

Siku iliyofuata Mama Neema alikuja kusikiliza. Alikaa na kiganja shavuni, hakulia. Kabla ya kila mstari palikuwa na kimya kirefu, kirefu kuliko nilivyokikumbuka, na mimi, mjinga, nikasema, "Mwalimu hakudanganya. Kweli alikuwa anachelewa."

"Hachelewi," alisema Mama Neema. "Anasubiri mkono."

"Mkono gani?"

"Wa Mwalimu! Aliwafundisha hivyo tangu sisi wadogo. Mkono ukiwa juu, vuta pumzi. Usiposhuka, hakuna kuimba, hata kanisa liungue. Kuna mama mmoja alifukuzwa kwaya kwa kuutangulia. Mama hata akiimba jikoni alitazama juu kwanza, kama kuna mkono darini. Tulikuwa tunamcheka." Akafuta pua. "Kwani huko studio hakuwainulia mkono?"

Nilikumbuka nyama. Nikarudi nyuma kwenye ile rekodi, nikatafuta mpaka nikapata sauti yake: nani kakuambia uingie? Na ya Koko: wewe, Mwalimu. Na vicheko, changu kikiwa cha karibu zaidi na ile maiki ya Mwalimu, ambayo nayo ilikuwa inarekodiwa. Mama Neema alinitazama, akainamisha kichwa. Kipande hicho sikukiweka kwenye wimbo wa maziko. Nami nilikata kitu.

Jumamosi mvua ilikuwa imenyesha na njia ya kupandia ilikuwa tope tupu. Turubai lilitandwa kati ya migomba na kahawa. Mwalimu alikuja na koti la suti, akakalishwa mbele na wazee, akaletewa supu. Mshereheshaji alimtaja kuwa ndiye aliyemlea marehemu kimuziki, naye akainua kidevu kupokea. Nilikuwa kwenye spika, flashi imechomekwa. Wakati wa kuaga ulipofika, nikapewa ishara.

Pumzi ilitoka kwenye zile spika kubwa, ndefu, ya mtu mzima aliyesimama, na watu wa safu za mbele waligeuka kutazama jeneza.

Kisha kile kimya. Kina mama wa kwaya, wamesimama na sare zao kando ya jeneza, wote kwa pamoja walimgeukia Mwalimu. Hakuna aliyewaambia. Shingo ziligeuka zenyewe. Mwalimu aliwaona. Aliitia mikono yake yote miwili mifukoni mwa koti na kutazama migomba. Koko alisubiri, tukasikia akisubiri, kisha akaingia peke yake. Mstari wa pili vilevile, na wa tatu. Wenzake hawakuitikia hata neno moja mpaka wimbo ukaisha, na machozi yaliwatiririka midomo ikiwa imefungwa. Nikiwa nyuma ya spika nilitamani kumtemea mate yule mzee.

Tulimshusha Koko kaburini, wanaume tukapokezana makoleo. Nilipomaliza zamu yangu nilikwenda kwenye ndoo ya maji kunawa. Filimbi ya pua ikanijia kutoka nyuma.

"Umeutoa wapi?"

"Kwenye kazi zako, Mwalimu. Hukukata. Ulificha tu."

Alifyonza meno. Kwa muda nilidhani atauliza niliupataje, maana mimi ningeuliza. "Nipe hiyo flashi," alisema. "Niusafishe. Umeuacha una pumzi nyingi mno."

Kaburi lilikuwa hatua chache nyuma yake, udongo bado unang'aa. Pale kando kina mama walikuwa wamemaliza kupanga mashada ya maua, wamesimama kimya, wakingoja wimbo wa mwisho uanzishwe, na aliyezoea kuuanzisha alikuwa chini ya mashada yale.

"Hapana, Mwalimu."

Aliuinua mkono wa kulia, juu, kiganja wazi, kama anavyoinua mwalimu anayedai kitu kutoka kwa mtoto wa darasani. "Lete."

"Hapana."

Mkono ulibaki juu. Ukucha ulikuwa na tope. Nilinawa taratibu, nikakung'uta maji, nikaufunga mfuko wa shati ambamo flashi ilikuwemo. Alipoona simpi, aliushusha mkono kwa hasira, pwaa, ukapiga paja.

Nyuma yake kina mama wakaingia.

Waliingia wote kama mtu mmoja, sauti zote nne, wakiutazama mgongo wake na ule mkono, na migomba ikajaa wimbo. Mwalimu aligeuka kama mtu aliyepigwa jiwe. Nililiona swali likimpanda kooni, likafika kwenye meno: nani kawaambia muingie? Mdomo ulifunguka. Halafu, nadhani, akalikumbuka jibu, kwa sababu alibaki hivyo, mdomo wazi, kimya, kipande cha nyama ya asubuhi kikionekana kati ya meno yake, na kina mama wakamwangalia mkono, wakingoja awape mstari wa pili.